Kura Moja ya Chake na Kiti cha Konde

Mtajie mzee wa Chake Chake uchaguzi wa Januari 1961, kisha tafuta pa kukaa, maana hutoki hapo karibuni. Katika uchaguzi ule mgombea wa chama cha Afro-Shirazi alimshinda wa chama cha Hizbu kwa kura moja. Si kumi wala mia, moja. Kila ukoo ninaoujua Pemba una mzee wake aliyewahi kudai kuwa kura ile ilikuwa yake. Babu yangu mzaa mama alikuwa akisema siku ile aliteremka juu ya mkarafuu, akashika njia kwa miguu, akafika kituoni watu wanakaribia kufunga. Lau madai ya wazee wote yangekuwa kweli, Afro wangeshinda kwa kura mia tano. Na lipo jambo moja mababu hawa hawapendi kukumbushwa: uchaguzi wa 1957 ulikuwa wa wanaume peke yao, tena wenye sifa zilizowekwa na serikali, na 1961 ndiyo mara ya kwanza wanawake kupiga kura. Huenda basi kura ya Chake ilitiwa na bibi wa mtu, akarudi zake nyumbani kupika, asiseme neno.

Watu huitaja kura ile kama kichekesho na kuiacha hapo. Hesabu yake ndiyo yenye uzito. Viti vilikuwa 22. Afro-Shirazi walipata 10, Hizbu (ZNP) 9, na chama cha Mohammed Shamte, ZPPP, kikapata 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawika: wawili wakenda na Hizbu, mmoja, Ali Sharif Musa, akenda na Afro. Kumi na moja kwa kumi na moja, na serikali haiundiki. Waingereza wakaamuru uchaguzi urudiwe mwezi wa Juni, safari hii kwa majimbo 23 ili sare isitokee tena. Sasa mwondoe mtu mmoja katika foleni ya Chake. Kama kura zingelingana, mambo yangeamuliwa kwa njia nyengine. Kama wangekuwa wawili waliobaki nyumbani, kiti ni cha Hizbu. Hizbu 10, Afro 9, na kwa wale wawili wa ZPPP serikali ina viti 12 dhidi ya 10. Serikali imeundwa Januari. Uchaguzi wa Juni haupo.

Na Juni hiyo, siku ya kupiga kura tarehe 1 na siku zilizofuata, waliuawa watu 68 kwa hesabu ya serikali, wengi wao Waarabu wa Unguja.

Sisemi kuwa kura ya Chake iliua mtu. Chuki ilikuwa imeshaiva. Tangu baada ya 1957 kulikuwa na migomo ya maduka, wakulima waliofukuzwa kwenye mashamba walikokuwa wakilima kwa hisani ya mwenye shamba, watu wa mtaa mmoja wakakataa kuzikana. Wazee wetu huziita zama zile zama za siasa, na wakisema hivyo hushusha sauti hata kama hakuna anayesikiliza. Ninachosema ni kwamba Pemba imejifunza mapema sana kitu ambacho sehemu nyengine za nchi hii hazijalazimika kujifunza: jimbo dogo, lenye watu wanaojuana kwa majina ya baba na babu, linaweza kuamua mambo makubwa, halafu uamuzi wenyewe ukamalizikia mahali ambapo mpiga kura hakualikwa.

Mwaka 1963 ukathibitisha. Majimbo yakawa 31. Afro-Shirazi wakapata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, na viti 13 tu. Hizbu 12, ZPPP 6, wakaungana, Shamte akabaki Waziri Mkuu. Kura za Afro zilirundikana katika majimbo ya Unguja waliyoshinda kwa wingi uliopitiliza, na kura iliyozidi ndani ya jimbo ulilokwisha kulishinda haikuongezei kitu. Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba, Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Anayetaka kujua kwa nini chama kilichoshika dola kwa Mapinduzi hakikuwa na haraka ya kurudi kwenye masanduku, aanzie kwenye hesabu hii. Zanzibar ilikaa hadi 1980 ndipo watu wakaenda kwenye uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi, chini ya chama kimoja.

Miaka ya chama kimoja nitaipita mbio, ila kwa jambo moja. Mwaka 1985 Idris Abdul Wakil aligombea urais peke yake na kupata asilimia 58 na kitu. Mtu anayeshindana na karatasi! Sehemu kubwa ya kura za "hapana" zilitoka Pemba, ambako watu walikuwa wamemtaka Maalim Seif Sharif Hamad, mtoto wa Mtambwe, aliyepitwa ndani ya chama kwa kura chache. Basi vyama vingi vilipoingia 1992, Pemba haikugeuka upinzani. Ilikuwa na miaka saba ya mazoezi.

Oktoba 1995 CUF, chama cha upinzani cha Maalim Seif, ikachukua majimbo yote 21 ya Pemba. Yote. Huko Unguja ikapata matatu. Baraza likawa CCM 26, CUF 24, na urais ukaenda kwa Salmin Amour wa CCM kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706 za Maalim Seif. Tofauti ni kura 1,565. Kwa ukubwa wa visiwa vyetu hiyo ni shehia moja, yaani mtaa au kijiji kimoja, iliyoamka vizuri.

Tangu hapo, kwa Mpemba, suala la nani atashinda jimbo limekuwa halina utamu. Ukipita Konde, Wete au Mkoani wiki moja kabla ya uchaguzi wowote kati ya 1995 na 2015, jibu ungelipata kwa muuza chapati. Mashaka yalikuwa yakianza jioni, baada ya masanduku kufungwa.

Kwa msomaji wa Bara nieleze kidogo, maana najua mnachanganyikiwa. Mpiga kura wa Zanzibar hupewa karatasi tano: Rais wa Muungano, mbunge, Rais wa Zanzibar, mwakilishi na diwani. Mbili za mwanzo ni za Tume ya Taifa, tatu ni za Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ZEC. Mbunge huenda Dodoma, mwakilishi huenda Chukwani, Unguja, kwenye Baraza la Wawakilishi. Skuli, maji, hospitali, karafuu, hayo si mambo ya Muungano, kwa hiyo ni ya mwakilishi. Lakini nenda kijijini ukaulize jina la mwakilishi na jina la mbunge, utaona la mbunge ndilo linalotoka haraka. Wa Dodoma anaonekana kwenye televisheni akitoa maneno makali; wa Chukwani anaonekana kwenye mazishi. Hili haliwatendei haki wawakilishi, lakini ndivyo lilivyo.

Mwaka 2000 uchaguzi ulifutwa katika majimbo 16 ya Mjini Magharibi na kurudiwa wiki moja baadaye. CUF ikataka urudiwe wote, ikakataliwa, ikasusia. Ikashinda Pemba lakini watu wake wakakataa kukaa barazani. Yaliyofuata tarehe 26 na 27 Januari 2001 sitayasimulia kwa urefu hapa. Maandamano Wete, Micheweni, Chake na Mkoani yalikutana na risasi. Tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu waliokufa 31, na wengine wakahesabu zaidi. Watu wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Nyumbani kwetu zipo familia ambazo hadi leo zina tawi lake huko.

Muafaka wa CCM na CUF wa Oktoba 2001 ukarudisha mambo mezani, na Mei 2003 zikafanyika chaguzi ndogo Pemba kujaza viti vya waliosusia. Hapa ndipo Wapemba walipofanya kitu ambacho kila nikikikumbuka nacheka peke yangu. Baadhi ya wagombea wa CUF walienguliwa. Wenye majimbo yao hawakukaa nyumbani, wala hawakumpa kura mgombea asiye wao. Walikwenda, wakapanga foleni, wakachukua karatasi, wakaiharibu kwa makusudi, wakaitia sandukuni. Kura zilizoharibika zikawa nyingi kiasi cha kupewa jina: kura za maruhani. Ruhani, yaani jini, ndiye aliyepiga! Washindi walipatikana na wakaapishwa kwa mujibu wa sheria, maana sheria haihesabu kura iliyoharibika. Lakini kila mtu alijua jimbo limemchagua nani, na huyo hakuwa na jina kwenye karatasi.

Mwaka 2005 ikabadilishwa ramani. Majimbo ya Pemba yakapunguzwa kutoka 21 hadi 18, ya Unguja yakaongezwa kutoka 29 hadi 32. Nilikuwa mmoja wa waliokasirika sana. Vitatu vilivyoondoka Pemba vilikuwa vya CUF kwa hakika. Vilivyoongezwa Unguja vilikuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa vya CCM. Uchaguzi wa mwaka huo ukatoa CUF 18 kati ya 18 za Pemba pamoja na Mji Mkongwe, jumla 19, na hapo ndipo ilipofika. Hadi leo naamini ZEC ilijua inachokifanya.

Ila hesabu haina ukoo. Sensa ya 2022 imehesabu Wazanzibari 1,889,773, na kati yao walio Pemba ni 543,441. Hiyo haifiki asilimia 29. Majimbo 18 kati ya 50 ni asilimia 36. Kwa idadi ya watu peke yake, leo Pemba ina viti vingi kuliko inavyostahili, na yeyote anayedai majimbo yale matatu yarudi ajue anadai nini. Watu wamekwenda wapi? Wamekwenda Unguja, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa. Micheweni imekuwa ikitajwa mara kwa mara kuwa ndiyo wilaya masikini kuliko zote Zanzibar. Kijana wa huko akimaliza skuli hutazama ratiba ya boti. Kwa hiyo kura ya Pemba haikupungua, imehama. Iko Mjini Magharibi, iko kwenye mitaa mipya ya pembezoni mwa mji, na huko ndiko kila mzunguko wa uandikishaji hugombaniwa kwa kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na kanuni ya kukaa jimboni miezi 36 mfululizo.

Kanuni hiyo ina mlinzi wake, naye ni sheha, mkuu wa shehia. Sheha hachaguliwi na mtu. Huteuliwa na serikali ya mkoa. Ndiye anayejua, au anayesema hajui, kama wewe ni mkaazi wake. Nilipohama kwenda Unguja kwa kazi, sheha mmoja (simtaji, na hayupo tena kwenye nafasi hiyo) alinitazama usoni akaniambia hanitambui, ilhali mkewe alikuwa akinunua dagaa kwa dirisha la pili kutoka kwangu. Kule kwetu nikawa nimeshahama, huku sijafika. Uchaguzi ule niliutazama kwenye televisheni.

Oktoba 2010, baada ya maridhiano ya Rais Amani Karume na Maalim Seif na kura ya maoni ya Julai, tulipumua. Ndio uchaguzi pekee ninaoukumbuka ambao mama alikwenda kupiga kura bila kutuachia maagizo. Konde ilimpeleka Dodoma Khatib Said Haji, mtu wa maneno mazito na mzaha mwingi, ambaye hata wabunge wa chama tawala walikuwa wakitulia kumsikiliza.

Halafu 2015. Hii naomba tuitazame polepole, kwa sababu nadhani ndiyo jambo la ajabu kuliko yote katika orodha hii, kuliko hata kura moja ya Chake. Tarehe 25 Oktoba watu walisimama foleni moja, kituo kimoja, wakapewa karatasi tano kwa mkupuo. Tarehe 28 mwenyekiti wa ZEC, Jecha Salim Jecha, akatokea kwenye televisheni na kuufuta uchaguzi wa Zanzibar. Miongoni mwa sababu alizotaja ni kuwa baadhi ya vituo vya Pemba vilikuwa na kura nyingi kuliko walioandikishwa. Sawa. Lakini karatasi za Rais wa Muungano na za mbunge, zilizotiwa na mikono ileile katika vituo vilevile, zikabaki halali. Khatib akaapishwa Dodoma kwa kura za Konde. Mwakilishi wa jimbo hilohilo, kwa kura za siku hiyohiyo, akaambiwa uchaguzi wake haukuwapo. Machi 20, 2016 ukarudiwa, CUF ikasusia, Dk. Ali Mohamed Shein akatangazwa kwa asilimia 91, na majimbo ya Pemba yakapata wawakilishi wa CCM. Kwa zaidi ya miaka minne Konde ilikuwa na mbunge wa upinzani na mwakilishi wa chama tawala, na ukiuliza ni yupi aliyechaguliwa na watu wa Konde, jibu linategemea unaiuliza tume ipi.

Sheria inasema matokeo ya urais yakishatangazwa hayahojiwi mahakamani. Ya jimbo yanahojiwa. Huo ni mlango, mdogo lakini upo, na ndiyo maana nashangaa jinsi sisi tunavyoupita kila mara bila kuusukuma.

Mwaka 2019 Maalim na watu wake wakashusha tanga CUF wakalipandisha ACT Wazalendo. Mwaka 2020, kukiwa na sheria mpya iliyoleta kura ya mapema, CCM ikatangazwa kushinda karibu kila mahali, Pemba ikiwemo. Dk. Hussein Mwinyi alipata asilimia 76, Maalim chini ya 20. ACT ikabaki na majimbo manne ya ubunge, yote Pemba, Konde likiwa mojawapo. Muuza chapati wetu kwa mara ya kwanza alikosea. Ama alikosea, ama hakukosea. Hayo ndiyo maneno ya kila kijiwe, na ya Oktoba 2025 yamekuja juu yake. Hayo bado ya moto, nitayagusa yakipoa.

Maalim Seif alifariki Februari 2021. Mwezi Mei akafariki Khatib. Uchaguzi mdogo wa Konde ukafanyika Julai 18, na kwa kuwa ni kiti cha ubunge, ulikuwa mikononi mwa Tume ya Taifa. Akatangazwa mgombea wa CCM, kwa kumpita wa ACT kwa kura mia chache. ACT, ambao wakati huo walikuwa ndani ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, wakayakataa matokeo. Tukajua yatakayofuata: tamko, tamko la kujibu tamko, kisha kimya.

Hayakuwa hayo. Wiki chache baadaye, kabla ya kula kiapo, mshindi akajiuzulu. Alitaja sababu za kifamilia. Sisi tumelelewa na msemo wa asiyekubali kushindwa si mshindani. Hakuna aliyetufundisha la kumwambia asiyekubali kushinda. Uchaguzi ukaitishwa upya Oktoba 9, na Mohammed Said Issa wa ACT akashinda kwa tofauti kubwa, akenda Dodoma.

Nilikwenda Konde baada ya hapo, kwa harusi. Jioni nikakaa na ami yangu nje ya duka, pale njia inapokwenda kuingia Msitu wa Ngezi, na watu walikuwa bado wamejaa furaha. Ami alikuwa CUF tangu 1992, ACT tangu 2019, na alikimbilia Shimoni 2001. Nikamwambia mimi sikufurahi kama yeye.

"Kwa nini, mwanangu? Kiti si tumekipata?"

"Mmekipata, ami. Nani amewapa?"

Akanitazama kama niliyetukana. Nikajaribu kujieleza. Kama Julai kulikuwa na kosa, kosa lina kituo, lina karani, lina fomu ya matokeo yenye saini. Jaji angeweza kuiita fomu ile na kuitazama, na hukumu yake ingefungua njia kwa Wete, kwa Mkoani, kwa mtu wa Kibandamaiti na kwa mtu wa Kigoma. Mshindi alipojiuzulu, shauri la kupinga ushindi wake halikuwa tena na kitu cha kupinga. Tume haikulazimika kueleza lolote, na karani wa Julai, kama alikosea, hakuna aliyemwambia. Na kama hapakuwa na kosa, basi watu waliomchagua yule bwana nao walistahili kuambiwa kura zao zimekwenda wapi. Hao nao wapo, wachache lakini wapo, na ni majirani zetu.

Ami akanyamaza, akamwita kijana alete kahawa. Kisha akaniambia mimi nimekaa mjini sana. Alisema kwa umri wake ameona uchaguzi ukirudiwa, ukisusiwa, ukienguliwa watu, ukifutwa, na hajawahi kuona hata mara moja kitu kilichochukuliwa kikirudi. Sasa kimerudi, mimi nataka risiti.

Nikamwambia ndiyo, nataka risiti. Tulibishana hadi adhana ya isha, na hakunikubalia.